Rula za Kukatia Kanda za Kwilti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya anayekata kanda za kitambaa za kushonea kwilti, yaani tandiko la vipande vya kitambaa vilivyoungwa pamoja, kwa kisu cha gurudumu, yaani kile chenye wembe wa duara unaobingirika, juu ya mkeka wa kukatia. Kisu hicho kilitolewa na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979, na kadiri washona kwilti walivyokizoea, rula imekuwa chombo cha kukatia, si cha kupimia tu. Vipimo vingi hapa vimetajwa kwa inchi kwa kuwa ruwaza nyingi za kwilti, yaani vielelezo vya kushonea, zimeandikwa hivyo. Anayetumia sentimita ana jibu lake mbele kidogo.

Je, rula ya shule au ya seremala haiwezi kunifaa?

Kwa kuchorea, inafaa. Kwa kukatia na kisu cha gurudumu, haifai, na inaweza kukuumiza. Rula ya shule ni nyembamba na mara nyingi ukingo wake umechongwa mteremko, kwa hiyo wembe hupanda juu yake na kufuata vidole. Ya mbao huchongwa na wembe kidogo kidogo hadi ukingo wake haunyooki tena. Ya chuma haichongeki, lakini wembe ukiikwaruza hupoteza makali, na zaidi ya hapo huoni kitambaa kilicho chini yake.

Rula ya kwilti ni akriliki angavu, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kilicho chini yake, yenye unene wa takriban milimita 3. Unene huo ndio ukuta unaouzuia wembe usipande. Upana wake unatosha kuweka kiganja kizima, na mistari yake imeenea uso mzima, wima na mlalo, ndiyo maana unaweza kupima upana wa ukanda na kuhakiki pembe mraba kwa tendo moja.

Nina uwezo wa kununua rula moja tu. Nichukue ipi?

Inchi 6 kwa 24, au sentimita 15 kwa 60. Hesabu yake ni rahisi: kitambaa cha pamba cha kwilti huwa na upana wa inchi 42 hadi 44. Ukikikunja mara moja, ukingo wa kiwanda (ule uliofumwa kwa kubana ubavuni mwa kitambaa) juu ya mwenzake, kinabaki inchi 21 au 22. Rula ya 24 inavuka upana huo wote na kubakiza kidogo huku na huku. Rula ya 18 haifiki, na itakulazimisha ukunje kitambaa mara mbili, jambo linaloongeza makosa kama tutakavyoona.

Ya pili iwe mraba wa inchi 12½, kwa kunyooshea kona na kusawazishia vipande vilivyokwisha kushonwa. Ya tatu, inchi 6 kwa 12, ambayo ni nyepesi kwa kukata kanda kuwa miraba. Rula ya 24 ni ndefu mno kwa kazi hiyo, inayumba mkononi na kugonga vitu mezani. Seti kubwa zenye rula kumi zinaweza kusubiri. Nyingi kati ya hizo ni za umbo moja maalumu, na zitakaa droo mpaka siku utakayoshona ruwaza hiyo.

Kwa nini rula nyingine zina nusu inchi ya ziada, kama 6½ kwa 24½?

Kwa sababu kipande cha kwilti hukatwa kikiwa na nafasi ya mshono ya robo inchi kila upande, jumla nusu inchi. Ukitaka mraba wa inchi 6 baada ya kushona, unakata 6½, na rula hiyo inaukata bila kuongeza kitu. Ubaya wake ni mmoja: kwenye baadhi ya rula hizi nusu inchi hiyo imewekwa upande mmoja tu, na mtu akigeuza rula bila kuangalia anaanza kuhesabu kutoka upande usio sahihi. Kanda zote zinatoka na kosa la nusu inchi. Kabla ya kukata, soma namba iliyo kwenye mstari wenyewe, usihesabu visanduku.

Inchi au sentimita?

Fuata ruwaza, na usichanganye ndani ya kazi moja. Inchi 2½ ni sentimita 6.35. Ukiikadiria kuwa 6.5, kila ukanda umezidi milimita 1.5, na kanda kumi zilizoshonwa pamoja zimezidi milimita 15.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika. Nafasi ya mshono kwenye ruwaza za inchi ni robo inchi, yaani milimita 6.35, ilhali ruwaza nyingi za sentimita hutumia milimita 7.5. Ukanda uliokatwa kwa hesabu ya 7.5 ukishonwa kwa robo inchi utatoka mpana kwa milimita 2.3. Cherehani haina kosa hapo, wala rula. Ni mifumo miwili iliyokutana katika kazi moja.

Niangalie nini kwenye mistari na rangi zake?

Mistari iwe myembamba. Mstari mnene wa milimita moja unakuacha ukijiuliza ukate kwa upande wake upi. Kuwe na alama za inchi 1/8, mistari ya digrii 45 na 60, na namba zinazosomeka kutoka pande zote mbili. Rula zenye rangi mbili, kwa mfano nyeusi na njano, zinaonekana kwenye kitambaa cheupe na cheusi vilevile. Mistari myeusi pekee hupotea kabisa juu ya bluu iliyokolea.

Jambo muhimu zaidi ni upande uliochapwa. Mistari inatakiwa iwe upande wa chini, iguse kitambaa. Ikiwa juu, kuna milimita 3 za akriliki kati ya mstari na kitambaa, na ukitazama kwa kuinamia upande mmoja mstari utaonekana umehama kwa karibu milimita 1. Hata rula iliyochapwa chini huleta kosa hilo ukiigeuza kichwa chini. Pitisha ukucha: upande wenye mikwaruzo midogo ya mistari ndio wa kulalia kitambaa. Na kichwa chako kiwe juu ya mstari unaousoma, si pembeni.

Nitajuaje kwamba rula ni sahihi?

Fanya majaribio matatu, na karatasi na penseli iliyochongwa vizuri vinatosha.

Kwanza unyoofu. Chora mstari kwa kufuata ukingo wote, kisha pindua rula upande wa pili wa mstari huohuo na uchore tena kati ya ncha zilezile. Mistari ikiachana katikati, ukingo umepinda.

Pili pembe mraba. Chora mstari wa msingi, simamisha rula juu yake, chora mstari wa wima, kisha ipindue kama ukurasa wa kitabu na uchore tena kutoka nukta ileile. Mwanya unaouona juu ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo hata kosa dogo hujitokeza.

Tatu, linganisha na rula zako nyingine kwa kuziweka moja juu ya nyingine, ukiangalia mstari wa inchi 1, wa 2½ na wa 6. Rula za watengenezaji wawili zinaweza kutofautiana kwa unene wa mstari. Ndiyo sababu tunashikilia sharti hili: kazi uliyoianza na rula fulani, imalize na rula hiyohiyo. Rula yenye kosa dogo lisilobadilika hutoa vipande vinavyolingana. Rula mbili nzuri zisizokubaliana hutoa vipande visivyokutana.

Kitambaa kiandaliwe vipi kabla ya kuweka rula?

Kama unafua kabla ya kushona, fua vitambaa vyote vya kazi hiyo. Kuchanganya kilichofuliwa na kisichofuliwa kunaleta mikunjo baadaye. Kisha piga pasi mpaka mkunjo wa dukani utoke kabisa. Mkunjo huo mara nyingi hauko katikati wala haufuati uzi, na ukiutumia kama mwongozo umeanza vibaya. Kitambaa kilicholegea kitie wanga kidogo. Kikikauka kinakuwa kigumu kiasi cha kutovutika chini ya wembe.

Sasa kunja. Shika kingo mbili za kiwanda kwa mikono miwili, inua kitambaa mbele ya kifua na kiache kining'inie. Tazama chini kwenye mkunjo. Ukiona mawimbi au kitambaa kinajisokota, telezesha ukingo mmoja kulia au kushoto, sentimita chache tu, mpaka mkunjo uning'inie umenyooka. Ncha zilizokatwa dukani pengine hazitalingana tena. Ziache hivyo hivyo, kwa kuwa zilikatwa upogo. Ukizilazimisha zilingane unaupinda uzi wenyewe.

Nianzeje kukata ukanda wa kwanza?

Maelezo haya ni ya anayekata kwa mkono wa kulia.

1. Laza kitambaa juu ya mkeka, mkunjo ukiwa upande wako na kingo za kiwanda juu. Sehemu kubwa ya kitambaa iwe kushoto, ncha isiyonyooka kulia.
2. Weka rula karibu na ncha hiyo. Linganisha mstari wake mmoja wa mlalo na mkunjo. Mstari ulale juu ya mkunjo kwa urefu wote wa inchi 6, usiukate kwa pembe.
3. Tanua vidole vya mkono wa kushoto juu ya rula, mbali na ukingo wa kukatia kwa angalau sentimita 2.5. Kidole kidogo kiteremshe nje ya rula kishike kitambaa. Ndicho nanga yako. Kandamiza kwenda chini, si kwenda pembeni.
4. Fungua kisu, kianzishe chini kidogo ya mkunjo, wembe ukiegemea ukuta wa rula, na usukume kwenda mbele. Usikate kamwe kuja kwako wala kupita mbele ya mwili.
5. Wembe ukifika usawa wa vidole, simama bila kuuinua. Tembeza mkono wa kushoto juu ya rula, kandamiza upya, endelea.
6. Funga kisu. Ondoa ncha iliyokatwa. Sasa una ukingo mnyoofu.
7. Zungusha mkeka mzima nusu duara bila kugusa kitambaa. Ukingo mnyoofu sasa uko kushoto.
8. Weka rula juu ya kitambaa, mstari wa inchi 2½ ukiwa juu ya ukingo huo kutoka juu hadi chini, na mstari wa mlalo juu ya mkunjo. Vyote viwili kwa pamoja. Kata.

Mwenye rula ndogo ya mraba anaweza kuepuka kuzungusha mkeka. Sehemu kubwa ya kitambaa iwe kulia. Laza mraba juu ya mkunjo karibu na ncha ya kushoto, sogeza rula ndefu iguse upande wake wa kushoto, ondoa mraba bila kuitikisa rula, kisha kata kwa ukingo wa kulia wa rula. Tunaipendelea njia hii kwa vitambaa vizito au virefu, maana kuzungusha mkeka wenye mita nne za kitambaa huvuruga kila ulichokipanga.

Nikifungua ukanda, una kiwiko katikati. Kosa liko wapi?

Liko kwenye mkunjo. Ukanda unakatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo chochote ulichofanya upande mmoja kimejirudia upande wa pili kinyumenyume. Rula ikiwa mraba kamili na mkunjo, nusu mbili zinafunguka kuwa mstari mmoja. Ikiinama, kila nusu inaelekea kwake, na pale kwenye mkunjo panatokea kiwiko.

Chukua digrii 1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni kwa urahisi. Kwenye urefu wa inchi 21, digrii 1 ni tofauti ya karibu milimita 9. Ukanda wa upana wa inchi 2½ unafunguka ukiwa umepinda karibu sentimita moja katikati yake. Ukiushona kwenye ukanda mwingine mnyoofu lazima uuvute, na ukiuvuta, kazi haitalala bapa hata kwa pasi.

Kilichosababisha huwa ni kimoja kati ya hivi vinne: mstari wa rula ulilinganishwa na kingo za kiwanda badala ya mkunjo, mkunjo wenyewe ulikuwa na mawimbi, rula iliteleza nusu ya njia, au, na hili ndilo la kawaida kuliko yote, kanda nyingi zilikatwa mfululizo bila kunyoosha upya. Kila mkato unahamisha kosa dogo kwenye ukingo unaofuata, na ukingo huo ndio unaoupimia ukanda wa baadaye. Baada ya kila kanda tatu au nne, fungua moja uitazame. Kisha hakiki pembe mraba ya ukingo dhidi ya mkunjo, na kama imepotea kata ncha nyembamba kuirudisha. Unapoteza robo inchi ya kitambaa na kuokoa kanda zote zilizobaki.

Ukanda wenye kiwiko usitupwe. Ukate pale kwenye mkunjo upate nusu mbili, kila moja imenyooka, na uzitumie kukatia miraba.

Mstari wa rula uwe juu ya kitambaa au pembeni mwa ukingo wake?

Juu ya kitambaa, ukingo wa kitambaa ukichungulia kidogo sana nje ya mstari, unene wa uzi mmoja. Kitambaa kikishonwa na kupigwa pasi, mkunjo wa mshono hula unene huo, na kipande kinarudi kipimo chake. Muhimu kuliko chaguo lenyewe ni kulishikilia kutoka ukanda wa kwanza hadi wa mwisho.

Jipime hivi. Kata kanda tatu za inchi 1½, zishone pamoja kwa robo inchi, piga pasi. Upana wote uwe inchi 3½ na ukanda wa katikati uwe inchi 1 kamili. Ikitoka pungufu, ama unakata chembamba ama mshono wako ni mpana. Pima ukanda ambao haujashonwa ujue ni kipi.

Usidharau makosa ya aina hii. Inchi 1/16 kwenye kanda nane ni nusu inchi nzima, na nusu inchi inatosha kufanya safu moja ya kwilti isikutane na nyingine.

Rula inateleza nikikata. Nifanyeje?

Tazama mkono kabla ya kununua kitu. Mara nyingi rula inateleza kwa sababu mkono umebaki chini huku wembe umefika juu, au kisu kinaisukuma rula pembeni. Wembe unaegemea tu ukuta wa rula; nguvu inaelekea chini kwenye mkeka. Wembe butu nao hukufanya uongeze nguvu, na nguvu ndiyo inayosukuma rula. Simama pia, usikate umeketi. Meza ya kimo cha karibu sentimita 90 inawafaa wengi kwa sababu bega linakuwa juu ya rula.

Mkono ukiwa sawa na bado inateleza, bandika vishikizo upande wa chini: vidoa vya silikoni, plastiki nyembamba inayong'ang'ania, au vipande vidogo vya msasa laini vilivyogandishwa kwa gundi ya pande mbili. Vibandike mbali na ukingo na visifunike mistari unayoitumia. Vikiwa vinene mno vinainua rula, kitambaa kinajikunja chini ya ukingo, na wembe unaweza kupenya hapo. Msasa haufai kwenye vitambaa vyenye nyuzi laini zinazochomoka.

Nikate tabaka ngapi kwa pamoja?

Mbili kwa anayeanza. Nne kwa aliyezoea, akiwa na wembe mkali wenye kipenyo cha milimita 45. Zaidi ya hapo unahitaji wembe wa milimita 60, na hata hivyo tabaka za chini huanza kuhama kabla ya wembe kuzifikia.

Kukunja mara mbili kunavutia, kwani kitambaa kinabaki inchi 11 na rula ya 12 inatosha. Lakini sasa una mikunjo miwili inayotakiwa iwe sambamba. Isipokuwa hivyo, ukanda hutoka na viwiko vitatu badala ya kimoja.

Ukanda wangu ni mpana kuliko rula. Nitaupimaje?

Weka rula mbili ubavu kwa ubavu. Kwa ukanda wa inchi 8½, rula ndogo ipime inchi 2½ kutoka ukingo wa kitambaa, na rula ya inchi 6 iiguse ikiwa kulia kwake. Kandamiza ya kulia, kata. Hakikisha hakuna mwanya kati yao.

Je, nisitumie tu mistari ya mkeka?

Itumie kukuongoza kulaza kitambaa, si kupima. Mistari ya mkeka hufutika, na mkeka hutanuka na kujikunja kwa joto. Zaidi ya hapo, ukipima kwa mkeka ukingo wa rula unabaki bila kitu cha kuuhakiki. Geuza mkeka upande usio na mistari kama macho yanakuchanganyia.

Kwa saizi, mkeka uwe angalau inchi 18 kwa 24, ule upande wa 24 ukielekea mbele yako.

Kitambaa kimoja kinatoa kanda ngapi?

Toa inchi moja kwa ajili ya kunyoosha ncha, gawanya kinachobaki kwa upana wa ukanda, tupa desimali. Mita 1 ni inchi 39.37, kwa hiyo una takriban 38 za kutumia: kanda 15 za inchi 2½, au 10 za inchi 3½, au 5 za inchi 6½. Yadi moja, inchi 36, inatoa kanda 14 za inchi 2½.

Kwa miraba, hesabu inchi 40 za urefu kwenye kila ukanda baada ya kuondoa kingo za kiwanda. Ukanda wa 2½ unatoa miraba 16, wa 3½ unatoa 11, wa 4½ unatoa 8. Kingo za kiwanda ziondoe kila mara. Zimefumwa kwa kubana na husinyaa tofauti na kitambaa chenyewe.

Nikitaka pembetatu kutoka kwenye kanda, niongeze kiasi gani?

Kwa mraba utakaokatwa kwa mshazari mara moja kutoa pembetatu mbili, chukua kipimo cha mwisho na kuongeza inchi 7/8. Pembetatu ya inchi 3 inahitaji ukanda wa 3 7/8, na ukanda mmoja wa inchi 40 unatoa miraba 10, yaani pembetatu 20. Kwa mraba unaokatwa kwa mishazari miwili kutoa pembetatu nne, ongeza inchi 1¼. Kwenye mfumo wa sentimita wenye mshono wa milimita 7.5, ongeza sentimita 2.5 na 3.5.

Hapa ndipo alama za 1/8 zinapodhihirisha kazi yake. Rula isiyo nazo itakufanya ukisie.

Na kanda zilizokwisha kushonwa pamoja, nazikataje?

Zipige pasi kwanza, mshono wote uelekee upande mmoja bila kubakiza mkunjo. Tuseme umeshona kanda tatu za 2½ na una kipande cha inchi 6½. Unapokikata vipande vya 2½, linganisha mstari wa mlalo wa rula na mshono wa ndani, si na ukingo wa nje. Ukingo hupinda wakati wa kushona, ilhali mshono ndio utakaokutana na mshono mwenzake. Nyoosha upya kila vipande vitatu.

Kanda zikatwe kwa mtande au kwa mshindio?

Kanda nyingi hukatwa kukatiza upana wa kitambaa, kwa mshindio, na huvutika kidogo. Hilo linasaidia katika vipande vifupi. Kanda ndefu za kuzungukia kwilti ni heri zikatwe kwa mtande, sambamba na ukingo wa kiwanda, maana hazivutiki na kingo za kwilti hazitapiga mawimbi.

Utepe wa kufunika ukingo wenye mviringo ukatwe hanamu, yaani mshazari. Linganisha mstari wa digrii 45 na ukingo ulionyooshwa, kata mkato wa kwanza, kisha pima kanda kutoka hapo. Kujua kitambaa kitatosha, gawanya eneo lake kwa upana wa utepe: mraba wa inchi 20 una inchi za mraba 400, na kwa utepe wa 2½ unapata takriban inchi 160 kabla ya kuondoa mishono ya kuunganishia. Kanda za hanamu zishike kama zilivyo, usizining'inize; uzito wake wenyewe unazirefusha.

Rula zenye nafasi za kupitishia wembe zinasaidia?

Kwa kanda nyingi za upana mmoja, ndiyo. Unaiweka mara moja na kukata kanda kadhaa, na wembe hauwezi kutoka nje kuelekea vidoleni. Wenye mikono isiyo na nguvu wanazifurahia kwa haki. Lakini nafasi lazima iwe pana kuliko wembe ili upite, na wembe ukiegemea kushoto kwa mkato mmoja na kulia kwa mwingine, upana unabadilika. Chagua upande mmoja na uegemee huo daima.

Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze kila kitu?

Ndiyo, kulia na kushoto vibadilishane katika hatua zote hapo juu: rula ishikwe kwa mkono wa kulia, mkato upite ukingo wake wa kushoto. Tafuta rula yenye namba zinazoanzia pande zote mbili, na kisu ambacho wembe wake unaweza kuhamishiwa upande wa pili. Wembe lazima uwe upande unaogusa rula.

Wembe unaruka nyuzi. Ni wembe au ni rula?

Ukiruka kwa umbali unaolingana kila mara, wembe una pengo, pengine ulipita juu ya pini. Ukiruka kila mahali, umekuwa butu. Ukiruka sehemu moja tu ya meza, mkeka una mfereji hapo, sogeza kitambaa. Na kama mkato una kijino mahali palepale pa rula kila mara, ukingo wa rula umemeguka. Pitisha kidole taratibu utakipata. Tumia ukingo wa upande wa pili, na ule uliomeguka uwekee alama ya kalamu.

Sina kisu cha gurudumu. Naweza kutumia rula na mkasi?

Unaweza. Chora kwa chaki ya fundi iliyochongwa au penseli kwenye upande wa nyuma wa kitambaa, tabaka moja, ukifuata ukingo wa rula. Mstari wa chaki una unene wake, kwa hiyo kata kwa upande wa ndani wa mstari kila mara.

Rula itunzwe vipi?

Isafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Spiriti na viyeyusho vingine hupasua akriliki kwa nyufa nyembamba na vinaweza kufuta mistari. Usiiache kwenye gari juani, na usiweke pasi ya moto karibu nayo. Ihifadhi imelala bapa au imetundikwa kwa tundu lake. Ikiegemezwa ukutani kwa miezi hupinda. Mkeka nao ulazwe bapa. Vumbi la nyuzi linalojaa kwenye mikato yake litoe kwa brashi, kwani likiachwa linauinua wembe usifike chini.